Kabla hujaweka granaiti jikoni, soma yaliyotupata huku Madale

Tangu jiko letu likamilike kila mgeni akiingia swali ni lilelile, hii granaiti au kwatzi ya kiwandani, umechukua duka gani, mita wanauza shilingi ngapi. Hajatokea hata mmoja wa kuniuliza chini yake kuna nini, au kabati zilisimama lini, au sinki lilinunuliwa kabla au baada. Na mi kwa niliyoyaona naamini mambo yote yako huko. Jiwe lenyewe halina neno, kinachowaliza watu ni kwamba likishakatwa limekatwa, hamna kuongeza, kwaio kila kinacholizunguka inatakiwa kiwe kimeshasimama pale kabla fundi hajachomoa tepu yake. Wengi wetu tunaenda kinyume, jiwe tunalinunua mapema maana ndo lenye mvuto, afu vingine vyote vinalazimishwa vilifuate.

Huku Madale, pembeni ya Dar, tulijenga kama tumeambiana, nyumba nyingi za mtaa wetu zilifika finishingi kipindi kimoja, kwaio majiko niliyoyaona yakiwekwa mawe ni mengi, mengine niliitwa kabisa, "mama hebu njoo uone huyu fundi alichonifanyia". Nina shemeji yangu Mwanza naye kaweka, na rafiki yangu mmoja yuko Nairobi. Haya ninayoandika ni ya kwangu na ya kwao yamechanganyika humohumo.

Nianze na zege, maana ndo tulilozoea. Unasimamisha vikuta vya tofali vinavyogawa nafasi za kabati, unafunga mbao na nondo, unamwaga slabu ya nchi tatu hivi, juu yake unalaza tailizi au granaiti, milango ya kabati inakuja mwisho kabisa. Ni imara, hilo hamna anayebisha. Shida yake ni kwamba tundu la sinki lazima uliache siku ya kumwaga zege, na siku hiyo sinki lenyewe hujalinunua, wengine hata pesa yake hawajaipata bado. Jirani yangu mmoja fundi wake aliacha tundu kwa kukisia tu, "mama usijali masinki yote yanalingana hayo". Hayalingani. Alipokuja kupata sinki la bakuli mbili lenye sehemu ya kuchujia vyombo, wakaanza kuvunja zege kwa nyundo na tindo, nondo mbili zikakatwa, zege likapata ufa upande wa mbele, na jiwe likalazwa juu ya huo ufa hivyohivyo. Baada ya muda ule ufa ukapanda, saivi ukipitisha mkono kwenye granaiti yake mbele ya sinki unausikia, umefuata mstari uleule wa chini. Duka likasema tatizo ni zege, fundi wa zege akasema tatizo ni jiwe la Mchina.

Mimi nilitaka droo, na droo na vikuta vya tofali haviivani, maana tofali halinyooki kama ubao, droo inakwama au inabaki na nafasi ya kupita panya. Kwaio tukaenda na kabati za mbao, jiwe linakaa juu ya kabati moja kwa moja bila zege. Watu waliniogopesha sana, eti kabati litashuka. Basi nikafanya hesabu. Granaiti ina uzito wa karibu tani 2.7 kwa mita moja ya ujazo, maana yake jiwe la unene wa sentimita 2 ni kama kilo 54 kwa kila mita ya mraba, la sentimita 3 ni kilo 81. Jiko langu ni la umbo la L, ukijumlisha urefu ni kama mita 5 kwa upana wa sentimita 60 na ushee, mita za mraba 3 na kidogo, yani kilo 160 na ushee zimetawanyika juu ya kabati zote. Kabati lililofungwa vizuri ukutani linabeba hiyo bila wasiwasi. Kisicholibeba ni kabati la MDF ya kawaida, ule ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, lililolowa maji chini ya sinki, maana MDF ikinywa maji inavimba kama andazi na haishuki tena. Ndo maana chini ya sinki niligoma kabisa nikasema pale marini bodi, ubao unaohimili maji, kwingine fanyeni mnavyojua.

Na hapa ndo ulipotokea ugomvi wa seremala na fundi granaiti, ambao nadhani uko kwenye kila nyumba. Seremala akisema amemaliza muulize amemaliza kwa pima maji au kwa macho. Wa kwangu alimaliza kwa macho. Fundi granaiti alipokuja, mzee mmoja mtaratibu sana wa maneno machache, akaweka pima maji kwenye kabati la kwanza akatikisa kichwa, la pili akatikisa kichwa, akaikunja tepu yake akairudisha mfukoni. "Mama, mimi hapa sipimi leo. Mwite mwenzangu." Seremala akaja amenuna, anadai tofauti ya milimita nne si kitu, jiwe litajilaza lenyewe. Mzee akamjibu, "Jiwe halijilazi mwanangu, jiwe linavunjika." Kweli, ubao utapinda kidogo ufuate kabati lakini granaiti ikibaki na nafasi hewani inasubiri tu mtu aegemee au aweke ndoo ya maji. Wakarekebisha miguu ya kabati, wakaziunga zenyewe kwa zenyewe kwa skrubu, wakazifunga ukutani. Siku ile nilipoteza siku nzima na nilikasirika, ila leo ndo siku ninayomshukuru yule mzee kuliko zote.

Kupima sasa. Nyumba ya pili kutoka kwetu duka lilituma kijana akapime wakati kuta bado ziko na tofali tupu. Alipima vizuri tu, hakukosea hata milimita. Afu ikaja plasta, ikaja tailizi ya ukutani na gundi yake, kila upande ukala kama sentimita mbili na nusu. Jiwe likaja refu kuliko nafasi. Likakatiwa palepale sebuleni kwa grenda kavu, vumbi lile mpaka leo wanalifuta kwenye mapazia. Kingo iliyokatwa haikupata polishi ya mashine kama zile nyingine, iko na weupe wake vile, wameificha kwa kuweka mtungi wa maji.

Yule mzee wa kwangu hakuamini tepu peke yake. Alikuja na makatoni, ya friji na ya televisheni, akayakata akayalaza juu ya kabati akayaunga kwa gundi ya karatasi mpaka akapata jiko zima la katoni, kila kona, kila nguzo iliyochomoza. Pale ndo nikaona kwamba kona yangu ya jiko siyo mraba hata kidogo, ukutani kulikuwa na uwazi wa kuingiza kidole gumba. Kwa tepu asingeiona hiyo, maana tepu inakupa urefu tu, haikuambii ukuta umepinda. Kwenye lile katoni akaandika kwa kalamu, mbele, nyuma, kushoto, sinki hapa, jiko la gesi hapa, na kiungo kitapita hapa. Kiungo alikiweka kwenye kona ya L, mbali na sinki. Nilimuuliza kwa nini asikiweke karibu na sinki pasionekane sana, akasema maji na kiungo visikae pamoja, na isitoshe sehemu iliyotobolewa tayari ni dhaifu, huwezi kuiongezea udhaifu mwingine.

Kitu kingine alichonishtua nacho ni upana. Vipande vingi vinavyouzwa vya bei ya kawaida vina upana wa sentimita 60. Kabati nalo ukihesabu na mlango wake linafika hapohapo 60, kwaio jiwe linaishia usawa wa mlango na kila tone la maji linateremka kwenye mlango. Inabidi jiwe lichomoze sentimita mbili tatu, na chini ya hicho kilichochomoza upitishwe mfereji mdogo kwa grenda, ili maji yakigeuka kwenda kwenye kabati yadondokee pale. Mfereji wenyewe hauonekani mpaka upige magoti. Dakika chache za kazi, na kati ya majiko yote niliyoingia sidhani kama nimeyaona zaidi ya mawili yenye huo mfereji.

Haya, dukani. Ukizunguka maduka utachanganyikiwa na bei mpaka ujue wanapimaje. Huyu anakutajia kwa mita ya mraba, yule kwa mita ya urefu, mwingine anauza slabu nzima, yani bamba zima la jiwe, hakukatii. Chukua mfano tu, mmoja akikwambia laki moja na nusu kwa mita ya urefu na mwingine laki mbili na nusu kwa mita ya mraba, utamkimbilia wa laki na nusu, kumbe kwa upana wa sentimita 60 wote wawili ni bei ileile. Afu uliza ndani ya hiyo bei kuna nini. Kukata tundu la sinki ni hela yake, tundu la jiko la gesi hela yake, kupolishi kingo hela yake tena kwa mita, kubandika ukanda chini ya kingo ili jiwe lionekane nene hela yake, usafiri hela yake. Na nenda na tepu yako uguse unene mwenyewe, maana nimepima jiwe linaloitwa la sentimita mbili likanisomea milimita 17. Sio kwamba milimita 17 haifai, juu ya zege inafaa sana, ila kama unalipia 20 upewe 20.

Kuna majaribio madogo ambayo mzee alinifundisha na nimeyafanya dukani bila aibu. Omba kipande. Dondoshea maji uache dakika kumi, ukifuta ukakuta doa jeusi jiwe linakunywa, litahitaji sila, ile dawa ya kupaka jiwe lisinywe maji, na utakuwa unairudia mara kwa mara. Kamulia limau, kama baada ya muda pale paling'aa panakuwa pamefifia basi hilo sio granaiti hata waseme nini, ni mabo, lile jiwe la chokaa, au jamaa zake. Kwa zile nyeusi tititi, chukua kitambaa cheupe na thina kidogo usugue, kitambaa kikitoka cheusi jiwe limepakwa rangi, na hiyo rangi itaondoka na sabuni zako. Muuzaji mmoja aliponiona na limau mkononi aliniambia "dada hapa sio sokoni", nikamwambia kaka mimi hela yangu nayo sio ya mchezo. Tukacheka, na alinipa kipande.

Mimi nikachukua ile nyeusi yenye vichembe vinavyometameta rangi ya shaba, inatoka India, wanaiita Black Galaxy. Wataalamu wa mawe wanasema hata sio granaiti kwa hesabu zao, ni mwamba wa familia nyingine, ila dukani kila kigumu kinachong'aa kinaitwa granaiti na kwa matumizi ya jikoni haina tofauti ya kukukosesha usingizi. Nilichagua slabu yangu kwa macho nikaipiga picha ubavuni na nikaandika jina la mtoto kwa chaki ya mafuta kwenye ukingo. Watu waliniona mshamba. Siku ya kupakia kwenye kirikuu naangalia, hamna jina. Slabu ni nyingine, vichembe vichache na upande mmoja una mstari wa kijivu. Jamaa wa duka wanasema ni ileile mama, jina limefutika kwenye kusafisha. Nikatoa picha. Kimya. Dakika si nyingi ya kwangu ikapatikana nyuma kabisa, imeegemezwa, jina lipo. Sisemi walitaka kuniibia, inawezekana ni vijana tu walivuta ya karibu, lakini bila ile picha na ile chaki ningebishana nao na nini?

Shemeji yangu wa Mwanza yeye alitaka jeupe. Mji mzima umekaa juu ya majabali ya granaiti, ukitoka mlangoni kwake mwamba ndo huo umekuangalia, lakini jiwe la jikoni kaliagiza limesafiri baharini. Ila sio hilo la kumsema, la kumsema ni kwamba aliletewa mabo akiamini ni granaiti nyeupe. Mabo ni jiwe la chokaa, na chokaa na ndimu hawajawahi kupatana. Huko kwao samaki ni kila siku, na samaki bila ndimu si samaki, kwaio ndani ya muda mfupi kaunta ikawa na madoa yaliyofifia kila walipokamulia. Wifi akawa anayasugua kwa siki akidhani ni uchafu, siki nayo ni asidi, ndo akaongeza. Mafundi wa pale walikuja wakapolishi upya, inapendeza, lakini sasa kuna kibao cha kukatia ndimu ambacho mtoto akikisahau anaitwa kutoka alikokuwa.

Kwatzi ni habari nyingine na wengi wanaichanganya. Hii ni ya kiwandani, unga na vichembe vya mawe vimeshikwa na gundi ya plastiki, mawe ni zaidi ya asilimia 90. Haihitaji sila, hainywi maji, na nyeupe yake ni nyeupe kweli. Ila ile gundi haipendi moto. Mama mmoja wa mtaa wetu aliitua sufuria ya makande kutoka jikoni moja kwa moja juu ya kwatzi nyeupe, wakati anaiinua kuna duara la manjano, na lile duara halitoki maana sio doa, ni gundi yenyewe imeungua. Manjano ya pilau nayo ukiyaacha usiku kucha yanaacha kivuli. Granaiti yangu naitulia sufuria na wala siwazi sana, ingawa mzee alinikataza kuweka kitu cha moto mkali pale karibu na sinki kwenye ukanda mwembamba, maana joto la ghafla sehemu moja nalo linapasua.

Na kuna vumbi. Hili naomba nilikalie kidogo maana sisi wenye nyumba tunaliona kama uchafu wa kufagia tu. Vumbi la haya mawe lina silika, ile ya kwatzi ni nyingi kuliko ya granaiti mara mbili na zaidi, na ukiivuta kwa muda mrefu inatengeneza makovu kwenye mapafu, ugonjwa unaoitwa silikosisi, hauna dawa ya kuuponya, na unamrahisishia mtu kupata TB. Wachimbaji wa Mererani wanaujua vizuri. Australia walifika mahali wakapiga marufuku kabisa mawe ya kwatzi kuanzia tarehe 1 Julai 2024, kwa sababu ya vijana wakataji waliokuwa wanaharibika mapafu. Kwetu fundi anakata na leso imefungwa puani. Mimi nilimwambia wazi, kila kinachokatwa kinakatwa nje, na kwa maji. Msaidizi mmoja akashika mpira wa bomba anamwagia diski huku mwenzie anakata, tope jeupe likatiririka mpaka kwenye migomba, vumbi hamna. Waliniambia inachelewesha. Nikawaambia nimewapikia chai na vitumbua hamna haraka. Wale wasaidizi ni vijana wa miaka ishirini na kitu, mmoja ana mtoto mchanga.

Siku yenyewe ya kuweka, jiwe linabebwa wima. Hata kwenye gari linakaa wima limeegemezwa kwenye fremu ya mbao, ukilaza slabu kwenye kirikuu na barabara zetu hizi za Madale utashusha vipande. Kipande chenye tundu la sinki walikifunga mbao mbili kwa klampu mbele na nyuma ya tundu, wakaingia nacho mlangoni kwa hatua ndogondogo, mzee nyuma yao anasema "wima, wima, wima" mpaka walipokifikisha juu ya kabati wakakigeuza polepole. Tundu lilikatwa kwa kufuata sinki lenyewe nililowapa mkononi, wakaligeuza juu ya jiwe wakalichora. Kona za tundu hawakukata za mraba, walitoboa kwanza kishimo cha duara kila kona afu grenda ikaja kukutana na kishimo, kwa sababu kona kali ndo ufa unapoanzia. Mwanzo wakalaza vipande vyote vikavu bila gundi yoyote. Mzee akazunguka na pima maji, akachomeka vipande vya plastiki chini sehemu mbili, akatingisha kwa kiganja, akasikiliza. Ndo akakubali kuvinyanyua na kupaka silikoni juu ya kabati, matone matone, sio simenti. Simenti angeiweka kama ingekuwa juu ya zege, na hata hapo alisema kwa mawe ya rangi nyepesi lazima iwe gundi nyeupe, simenti ya kijivu inapenyeza na kutokea juu kama kivuli cha maji.

Kiungo cha kona ndo nilikaa nikakitazama mwanzo mwisho. Alichukua kipande cha tailizi iliyovunjika, akaweka juu yake gundi ya jiwe, akaweka rangi nyeusi kidogo sana kwa ncha ya bisu, akachanganya, akajaribisha kwenye kipande kibovu, akaongeza tena chembe, mpaka akaona imefanana. Ndo akaweka dawa ya kukaushia, na akiishaweka hiyo hana muda, inaganda upesi. Akapaka pande zote mbili, wasaidizi wakasukuma vipande vikabanana gundi ikafura juu, akaiacha ikauke kiasi, akaikwangua kwa wembe. Afu akachukua kidole changu akapitisha ukucha juu ya kiungo. "Unasikia kitu mama?" Sikusikia. "Ukisikia, usinilipe."

Tukirudi kwenye masinki, ukichagua lile linaloning'inia chini ya jiwe, muulize fundi linashikwa na nini. Kwa dada mmoja mtaa wa nyuma lilishikwa na silikoni peke yake. Sinki likijaa maji lita 40 hizo ni kilo 40, weka na masufuria ya shughuli humo, siku ya arobaini ya mtoto likaachia likaangukia kwenye kabati na maji yote yakaenda sakafuni, wageni wako sebuleni. La kwangu lina vishikizo vya chuma na chini kuna ubao unaolibeba.

Baada ya hapo kazi ni ya kwako mwenye nyumba na ya wale unaokaa nao. Sabuni ya kawaida na kitambaa laini vinatosha, stili waya sio lazima. Kinu ndo nilikikatalia, hata kile kidogo cha kitunguu saumu, hasa kwenye ile sehemu inayochomoza bila kabati chini. Jiwe la sentimita mbili likichomoza zaidi ya sentimita 15 hivi linatakiwa kuwekewa kishikizo chini, na watu wanaweka viti vya baa pale watoto wanakalia jiwe lenyewe. Dada wa kazi alinishangaa, "mama si jiwe hili?" Ni jiwe, lakini kinu kipigwe chini sakafuni au jiko la nje, ambako tukisema ukweli ndiko tunakopikia ugali kila siku na hakuna granaiti yoyote.

Rafiki yangu wa Nairobi ananicheka kwa haya yote. Yeye nyumba yake ina terazo, kokoto na simenti vimemwagwa palepale vikasagwa kwa mashine, haina kiungo hata kimoja na hakuna slabu iliyosafiri. Inapata madoa ya chai lakini anaisaga upya. Kwa bajeti ndogo mi naona ana hoja, tatizo kwa Dar mafundi wa terazo nzuri wamepungua, wengi wamehamia kwenye tailizi na granaiti.

Malipo tuligawa, sehemu ya kwanza kununua jiwe, sehemu ya pili likishafika na kukaguliwa, na kiasi kikabaki mpaka sinki lijazwe maji lilale hivyo usiku mzima asubuhi tupitishe karatasi ya chooni kwenye silikoni yote kuona kama italowa. Haikulowa, mzee akachukua chake. Na vipande vilivyobaki nilivitaka vyote, maana slabu niliilipia nzima. Kirefu kimekuwa kizingiti cha dirisha la jikoni, vingine viko chini ya tangi la maji, na lile pande lililotoka kwenye tundu la sinki, lililonyooka na polishi yake tayari, mzee alinizungushia kingo bure na ndo kibao changu cha kusukumia chapati. Ukisahau kulidai fundi ataondoka nalo, na wala hatakuwa amekuibia, wamezoea hivyo.